Sikukuu ya Mchungaji

Katika Marekani iko miji mingi midogo ambayo kila mwaka hufanya sikukuu ya barabarani kwa ajili ya kauboi. Baba, mama na watoto huvaa kofia pana na viatu virefu vya ngozi, farasi hupitishwa katikati ya mji, nyama huchomwa, na jamaa nzima hushinda huko hadi jua kuchwa. Sinema ziliifikisha furaha hiyo hata Afrika. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walijiita Bills kwa kufuata jina la Buffalo Bill, wakaiga mavazi na mwendo wa watu waliowaona katika picha. Yafaa basi tujiulize: je, ni kosa mtu kufurahi ndani ya vazi la mwingine?

Tusikimbilie kusema ndiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani ya Kenya waliziangalia bendi za Wazungu, wakazigeuza kuwa ngoma ya beni. Baadaye vyama vya Marini na Arinoti vilienea Tanganyika, vikiwa na sare na vyeo vya kuazima. Lakini nyimbo zilikuwa za Kiswahili, na mashindano yalikuwa ya wenyewe. Walichokichukua walikitawala. Naye Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alionya kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa kujifunza kwa wengine.

Hata hivyo, sikukuu huweza kusema uongo. Kauboi wa kweli alikuwa mchungaji wa mshahara mdogo. Baada ya mwaka 1865 aliswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli huko Kansas, katika vumbi na mvua. Na miongoni mwa wachungaji hao walikuwamo watu weusi na Wameksiko wengi. Haikupita miaka mingi, seng'enge na reli zikaikomesha kazi hiyo. Mwaka 1883 Buffalo Bill akaifanya tamasha la kulipiwa kiingilio. Mwaka 1885 aliyeonyeshwa humo alikuwa Sitting Bull, kiongozi wa Walakota walionyang'anywa nchi yao; na mwaka 1890 mzee huyo aliuawa na polisi waliokwenda kumkamata. Tamasha lilihifadhi kofia na bunduki, likasahau jasho na dhuluma.

Sasa na tutazame kwetu. Mzazi wa Bashay, katika nchi ya Mbulu, anapowachukua wanawe kwenda mnadani, huwapeleka kwenye sikukuu ya wachungaji ambao wangali wachungaji. Wairaqw na Wadatoga hukutana hapo. Fahali hukaguliwa meno na nundu, bangili za shaba huuzwa, nyama huchomwa, na jioni watoto hurudi na nguo mpya. Hapana anayeigiza. Ng'ombe anayeuzwa ndiye ada ya shule.

Lakini mchungaji huyu tumemtendeaje? Mwaka 1968, katika Mkoa wa Arusha wa wakati ule, ambao Mbulu na Hanang zilikuwa ndani yake, ilifanywa kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi yao. Baadaye malisho mapana ya Wabarabaig, upande wa Basotu, yaligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma kwa msaada wa Kanada. Na hadi leo yuko kijana wa sekondari anayeona haya kuitwa mchungaji, huku ukutani kwake imebandikwa picha ya mchungaji wa Texas.

Hapo ndipo lilipo kosa. Haliko katika kofia. Furaha ya kuazima ni halali maadamu haimfanyi mtu amdharau baba yake, wala haimsahaulishi aliyedhulumiwa ili sikukuu ipendeze. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi twaongeza kwamba anayeujua mbacha wake anaweza kuuketia msala wa jirani bila hofu. Walimu na wawaulize wanafunzi wao: kauboi tunayempenda katika picha, tungempa heshima gani kama angeingia darasani leo, amevaa lubega, na fimbo mkononi?