Njia ya Kwenda Mji wa Makimbilio

Soma Hesabu 35:9–15. Yoshua 20:1–6 na Kumbukumbu la Torati 19:1–3. Mtu aliyefika kwenye lango la mji wa makimbilio alipewa nini kabla shauri lake halijahukumiwa?

Tunalipenda somo hili kwa sababu tunamwona Kristo ndani yake. Miji ilikuwa sita, mitatu kila upande wa Yordani, na aliyeua mtu pasipo kukusudia aliweza kukimbilia humo. Lakini liko jambo ambalo darasani hulipita upesi, nalo ni utaratibu wenyewe. Mkimbizi alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari zake, nao wakamwingiza na kumpa mahali pa kukaa. Hukumu ilikuja baadaye, aliposimama mbele ya mkutano. Wazee hawakumwacha nje wakingoja mashahidi wawili. Hifadhi ilitangulia, uchunguzi ukafuata.

Sasa mfikirie binti wa mwaka wa pili chuoni, mwimbaji wa kwaya ya wanafunzi, anayemjia mzee wa kanisa na kusema kwamba kijana wanayeimba naye alimbaka juzi usiku. Au mama wa watoto watatu mwenye jicho lililovimba, ambaye mume wake ni shemasi. Mara nyingi tunawapa nini? Tunawapa 1 Timotheo 5:19, kwamba shtaka juu ya mzee lahitaji mashahidi. Tunawapa Mathayo 18:15, kwamba nenda kaseme naye ninyi wawili tu. Kisha tunaomba.

Nimewahi kuketi katika kikao cha aina hiyo. Tuliomba kwa muda mrefu, na wengine walilia. Hakuna aliyemuuliza yule mama atalala wapi usiku ule. Alirudi nyumbani kwake, na sisi tukarudi kwetu.

Wapo watakaouliza: je, ni haki kumpokea mtu kabla hatujathibitisha maneno yake? Je, akiwa amemsingizia mwenzake? Swali hili ni la haki na lisidharauliwe. Ila linachanganya mambo mawili. Sheria ya mashahidi ilitolewa ili asihukumiwe mtu asiye na hatia. Haikutolewa ili iamue nani apelekwe hospitali, au nani apewe kitanda. Kumhifadhi binti si kumhukumu kijana. Naye kijana ana haki ya kusikilizwa, na wenye kazi hiyo ni polisi na mahakama, si kikao cha watu watano ambao wawili kati yao ni wajomba zake. Na kama Mungu alimpa hifadhi hata mtu ambaye mikono yake ilikuwa na damu, kabla ya hukumu, je, aliyeumizwa tumwambie angoje?

Soma Kumbukumbu la Torati 22:25–27. Torati inamfananisha binti huyu na nani?

Inamfananisha na mtu aliyevamiwa akauawa. Kule shambani hapakuwa na shahidi hata mmoja, lakini Torati inachukua kwamba alilia na hakuwapo wa kumwokoa. Wanaouliza, “Mbona hakupiga kelele?” hupenda kusimama kwenye mstari wa 24, wasiendelee kusoma. Chumba cha hosteli kilichofungwa kwa ndani, muziki ukilia kwa sauti ya juu, ni shamba. Chumba cha kulala cha mke anayepigwa ni shamba pia. Tena, wanaowahudumia waathirika wanajua kwamba hofu huweza kuugandisha mwili na kukata sauti. Tamari naye alikataa kwa maneno yaliyo wazi kabisa (2 Samweli 13:12, 13), na hayakumsaidia. Ndugu yake akamwambia anyamaze. Baba yake, mfalme, alikasirika sana, na sura ile haituonyeshi kwamba alifanya lolote. Miaka miwili mizima ilipita kabla damu haijamwagika katika nyumba ile.

Kumbukumbu la Torati 19:3 inaongeza neno dogo: Israeli waitengeneze njia. Mji wa makimbilio usiofikika haumfai anayekimbia. Kwa hiyo tuseme njia yetu iko wapi.

Aliyebakwa afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU hazisubiri: zianze ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Asioge kabla ya kupimwa, ingawa ndilo jambo la kwanza atakalotamani. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na fomu ya PF3 ambayo daktari hujaza. Katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya mkono kwa mkono, ambako matibabu, polisi na ushauri hupatikana mahali pamoja. Kwa mtoto, piga 116. Mhadhiri anayedai mwili ili atoe alama anatenda kosa la rushwa ya ngono chini ya sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113. Kenya fomu ni P3, na simu ya msaada ni 1195. Kanisa letu lina kampeni ya enditnow tangu 2009, na Sabato ya nne ya Agosti imetengwa kwa ajili yake. Lakini mama yule hakuja kikaoni mwezi wa Agosti.

Na anayemsindikiza asiongoze maneno. Aketi naye kwenye benchi, amshikie mkoba, amuulize kama angependa daktari wa kike. Uamuzi wa kwenda polisi, kwa mtu mzima, ni wake. Ameshanyang’anywa uamuzi mara moja.

Swali la darasa: Mtu akija kwenye mlango wa kanisa lenu Sabato hii saa kumi jioni akiwa ameumizwa, ni nyumba ya nani atakayolala, gari la nani litakalompeleka hospitali, na nani atakayeshika simu? Andikeni majina kabla ya kufunga kipindi.