Mcheza Kwao, Nani Anamtunza?

Pale stendi ya Kisesa, ukitaka kusahau kwamba gari la Magu limechelewa, taja Pamba, timu ya soka ya Mwanza. Atajitokeza mzee wa kukusimulia mwaka 1990, Pamba ilipotwaa ubingwa wa Muungano, akiwataja Hussein Marsha, George Masatu na Nteze John kana kwamba amekutana nao sokoni asubuhi hiyo. Kijana wa bodaboda atamkatiza: "Mzee wangu, hiyo historia. Sisi tunaongelea Ligi Kuu." Naye atautaja mwaka 2024, ambao timu hiyo, sasa ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji na kuitwa Pamba Jiji, ilirejea Ligi Kuu baada ya miaka 23 ya kusota madaraja ya chini.

Kati ya mzee na kijana huyo kuna kizazi kizima kilichokua na ombi moja tu: Mwanza iwe na timu Ligi Kuu. Nimelisikia ombi hilo kwenye redio, kwenye vijiwe vya kahawa na hata nje ya kanisa baada ya misa. Ni ombi la haki. Lakini kuna swali ambalo sisi waombaji hatupendi kuulizwa: tunapotaka timu yetu ikae na wakubwa, tunaitakia nini hasa?

Tusianze kwa kuwabeza wanaotaka makubwa. Mei 2021 shirikisho la soka nchini, TFF, lilisaini na Azam mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Timu iliyo ndani ya Ligi Kuu inapata mgawo, inaonekana kwenye runinga kila wiki, na mchezaji wake anaweza kuitwa Taifa Stars. Aliye nje anachangisha nauli. Mechi kubwa ikija uwanja wa Kirumba, nyumba za wageni zinajaa, mama lishe anaongeza sufuria, na bodaboda wa Igoma anapata siku moja ya kutosha kulipia marejesho ya wiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena njaa hiyo si ya Mwanza peke yake. Marekani, timu za michezo za vyuo vikuu hazipandi wala kushuka daraja kama zetu. Chuo huingia kwenye kundi la wakubwa kwa kualikwa, basi wahitimu, mashabiki na matajiri wa chuo hugeuka wapiga debe, wakitaja ukubwa wa uwanja, idadi ya watazamaji na unene wa mifuko yao. Chuo Kikuu cha SMU cha Dallas kilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa fedha za televisheni, ili mradi tu kipokelewe katika kundi la ACC mwaka 2024. Mwaka huo huo kundi hilo, lenye jina la pwani ya Atlantiki, lilikipokea pia Stanford, chuo cha California, upande wa Pasifiki. Sasa wanafunzi wanavuka bara zima kwenda kucheza mechi za ligi. Watu wamelipa ghali ili waketi meza moja na wakubwa, hata kama sahani itachelewa kufika.

Sisi tunajisifu kwamba kwetu timu hupanda kwa miguu yake. Ni kweli, ila njaa ikizidi hata miguu hununuliwa. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Kila mmoja alikuwa akisaka mabao ya kumvusha. TFF ikachunguza, ikazikuta timu hizo na hatia ya kupanga matokeo na kuzishusha. Aliyepanda akawa Mbao FC ya Mwanza, ambayo haikuwa na mabao mengi kuzishinda hizo, ila haikuwa na kesi.

Hiyo Mbao ndiyo inayonifanya niandike leo. Aprili 2017, ikiwa katika msimu wake wa kwanza tu Ligi Kuu, iliitoa Yanga kwa bao 1-0 pale Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwezi uliofuata ikaenda Dodoma kwenye fainali, ikafungwa na Simba 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Vijana wasio na majina walitikisa nchi. Mwaka 2020 wakashuka daraja, pamoja na ndugu zao wa jijini, Alliance. Toto Africans ilikuwa imeshuka tangu 2017. Gwambina ya Misungwi ikapanda mwaka 2020, ikashuka mwaka uliofuata. Mkoa mmoja, timu nne, na kila moja ilipopanda tulishangilia kama vile kazi imekwisha.

Sababu za kushuka ni nyingi: fedha, uongozi, usajili. Lakini ipo moja inayotuhusu sisi wa majukwaani, na hatuitaji. Simba au Yanga ikija Kirumba kucheza na timu ya Mwanza, uwanja hujaa nyekundu au hujaa kijani na njano. Timu mwenyeji inaingia kwenye uwanja wake, mbele ya majirani zake, halafu inazomewa. Waliokuwa wakipaza sauti "tunataka Ligi Kuu" ndio hao wamevaa jezi ya mgeni. Kumbe wengine walikuwa hawaombi timu yao ipande. Walikuwa wanaomba Simba na Yanga ziletwe karibu, na timu ya nyumbani ndiyo nauli.

Sisemi mtu wa Kisesa asiipende Simba. Mapenzi ya mpira hayapimwi kwa kilomita, na wengi tumeyarithi kwa baba zetu kupitia redio ya mkulima. Ninachosema ni kwamba kupigia debe kitu na kukitunza ni kazi mbili, na sisi tumeizoea ile moja.

Inashangaza, kwa sababu katika eneo hili tunaijua vizuri kazi ya mtazamaji. Hapo juu Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, kila mwezi wa sita sherehe za Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojitambulisha kwa waganga wawili waliokuwa wapinzani, Ngika na Gumha. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala ubao wa matokeo. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana mchezaji analeta chatu, anabuni vituko na kutafuta kila mbinu ya kukufanya uhame upande wa pili uje kwake. Na wewe uliyesimama kwa Bagalu huwezi kurudi nyumbani ukadai kwamba moyoni ulikuwa Mgika. Mguu wako umeshapiga kura.

Kwa kipimo hicho, wengi wetu tungeonekana Kirumba tulivyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nao waliwaachia watazamaji jukumu hilo, si serikali wala wafadhili.

Jambo hili halikuanzia uwanjani. Mtoto wa jirani akifaulu kwenda shule yenye jina, kijiji kizima kinachangia sherehe ya kumuaga, na hotuba hazikosi. Ikifika muhula wa pili, ada imepungua na daftari zimeisha, wachangiaji hawaonekani. Kijana akipata kazi Dar es Salaam tunapiga simu kumpongeza, na simu inayofuata ni ya kuomba. Tunapenda kuwa na mtu wetu huko juu, mradi ukubwa wake utufikie sisi. Yeye kupata nguvu ya kubaki huko tunaliona ni jambo lake na Mungu wake.

Majirani zetu wa Musoma wanajua gharama ya kufika juu bila maandalizi. Biashara United ya Mara ilifika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2021, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kusafiri kwa mchezo wa marudiano. Ikatolewa bila kucheza. Msimu huo huo wa ligi ikashuka daraja. Kufika ilifika, kilichokosekana ni cha kuiendeleza safari.

Pamba nayo ilianza msimu wa 2024/25 kwa kusuasua, ikabadilisha kocha, ikajinusuru, huku Kagera Sugar, timu ya Kanda hii hii ya Ziwa iliyozoeleka Ligi Kuu kwa miaka mingi, ikishuka. Kwa hiyo nafasi tuliyoiomba miaka 23 bado haijawa mali yetu. Inadaiwa upya kila msimu, na sehemu ya deni hilo inatuangukia sisi. Anayeipenda Pamba aende kwenye mikutano yake na kudai kusomewa hesabu za timu inayobeba jina la jiji. Simba au Yanga ikija, asimame na mwenyeji kwa dakika tisini, kisha arudi kwenye mapenzi yake. Na mechi ijayo ya katikati ya wiki, saa kumi jioni, mgeni akiwa timu ambayo haina shabiki hata mmoja hapa Kisesa, anunue tiketi ya mzunguko aingie. Siku hiyo ndipo Pamba itajua ina watu wangapi.