Jina la Aliyelipa

Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, ukitokea Karatu na kuipita kreta ya Ngorongoro, Mary Leakey aliona meno makubwa yakichungulia ardhini. Fuvu hilo, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, likaitwa Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale la pwani yetu. Boisei ni shukrani kwa Charles Boise, mfadhili wa uchimbaji.

Baadaye wataalamu walilihamishia fuvu kwenye kundi la Paranthropus. Zinj likaondoka, boisei likabaki. Hata Olduvai ni Oldupai ya Wamaasai, yaani mkonge pori, iliyosikiwa vibaya.

Je, mlipaji ana haki ya kubaki kwenye jina? Fadhila ni deni, na bila fedha zile huenda mvua zingelimaliza fuvu. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Hapa lililipwa kwa mabaki ya marehemu asiyeweza kukataa, katika ardhi ya watu ambao jina halikuwataja.

Sitaki boisei lifutwe. Mwanafunzi wa Karatu anapolikariri, aelezwe pia nani alilipa, nani aliliona fuvu, na pale paliitwaje kabla.