Kitabu, Bata Mzinga na Mbegu za Alizeti

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Manyoni na kitabu. Niseme ukweli mapema: hakuna aliyekiomba.

Waliokuwa wananisubiri walikuwa na mahitaji yao. Mama alitaka kitenge. Wifi alitaja sukari na mafuta ya kupikia. Kaka, ambaye ndiye amebaki nyumbani na mama na shamba, aligusia jambo mara moja tu kwenye simu, tena kwa kuzunguka: mvua zimeanza, na mbegu za alizeti mwaka huu zimepanda bei. Anayeijua Manyoni anaelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwezi huohuo wa Krismasi. Sikukuu inatukuta ghala linaelekea kuisha na jembe ndiyo kwanza linashika kazi. Ukiikosea Desemba, umeukosea mwaka.

Kitenge nilileta. Sukari na mafuta nilileta. Hela ya mbegu nikasema moyoni, tutaona. Halafu juu kabisa kwenye begi nikaweka *A Christmas Carol* ya Charles Dickens, toleo la jalada gumu lenye picha nzuri, zawadi ya familia nzima. Bei yake sitaitaja. Inatosha kusema kwamba hela ile ingenunua mbegu.

Je, nilikosea? Swali hili limenikaa kichwani mwaka mzima, na nadhani linatuhusu wote tunaopenda vitabu na tunaotamani ndugu zetu nao wavipende.

Nianze na utetezi wangu, maana ninao. Binadamu si tumbo tu. Ukisema nyumba yenye shida ipewe unga peke yake, hadithi zisubiri mpaka watu washibe, unakuwa umewapunguzia utu wao bila kujua. Bibi yangu alitutambia hadithi miaka ambayo mboga ilikuwa mlenda Jumatatu hadi Jumapili. Hakungoja mavuno. Kwa hiyo hoja kwamba kitabu ni anasa siikubali hata leo.

Lakini Dickens mwenyewe ananibana. Kitabu hiki kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zikawa zimeisha kabla ya Krismasi. Kiliuzwa shilingi tano. Sasa ukifungua ndani utamkuta Bob Cratchit, karani wa yule bahili Scrooge, baba wa Tim mdogo mgonjwa. Mshahara wake ni shilingi 15 kwa wiki. Piga hesabu. Bob angehitaji theluthi moja ya mshahara wa wiki ili asome habari zake mwenyewe. Hadithi ya maskini ilikuwa zawadi ya wenye nazo, wakipeana wao kwa wao.

Miaka kumi baadaye, Desemba 1853, Dickens alikwenda Birmingham kuisoma hadithi hii mbele ya watu, na akataka usiku mmoja uwe wa wafanyakazi, kwa kiingilio cha chini. Yaani kitabu kilichowashinda bei kiliwafikia kwa masikio. Nilikuwa naujua mkasa huo, lakini sikuuelewa mpaka nilipofika nyumbani.

Usiku wa tarehe 24 watoto wa kaka walikifungua kile kitabu, wakaangalia picha, wakakifunga. Kiingereza kile kizito kiliwashinda, na hata mimi kuna mahali kinanishinda. "Shangazi, tusomee wewe." Basi nikakaa kwenye kigoda jikoni, naangalia ukurasa wa Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, na pale mama alipoonekana kuachwa nyuma, kaka anamwekea neno la Kigogo. Theluji niliiruka. Ukungu wa London niliueleza kwa vumbi la Oktoba. Mizimu haikuhitaji maelezo, wote walinyamaza.

Tulipofika kwa Tim, mama aliacha kuchambua mchele. "Huyo mtoto, anapona?" Nikamwambia asubiri. Akasema hawezi kusubiri, nimwambie sasa hivi. Nikamwambia anapona. Akaendelea na mchele wake.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa: "Kwa hiyo yule bwana asingeota, mtoto angekufa?"

Nikasema, ndiyo, nadhani.

"Mh. Na sisi tunaambiwa tufurahi kwamba ameota."

Hakuwa ananisema. Kaka si mtu wa mafumbo. Lakini nililala nikigeuka-geuka, kwa sababu mwenye kuulizwa swali lile alikuwa mimi. Ni mimi niliyekuwa nasubiriwa nijisikie kutoa.

Usiku ule nilirudia kurasa za mwisho peke yangu, nikaona jambo nililokuwa nalipita kila nisomapo. Scrooge anapobadilika anafanya mambo mawili kwa Bob. Anampelekea bata mzinga mkubwa, kisha siku ya pili yake anamwongezea mshahara. Tunaoisimulia hadithi hii tunampenda yule bata. Ila bata ni zawadi, na mshahara ulikuwa haki ya Bob siku zote. Bata peke yake angeliwa siku mbili, na Tim angerudi palepale alipokuwa.

Mimi nilikuwa nimeleta bata. Kaka anamtunza mama yetu sote wawili, anampeleka hospitali, anaamka usiku akikohoa. Mbegu zile hazikuwa ombi la msaada. Zilikuwa sehemu yangu ya kazi ambayo yeye anaifanya kwa niaba yangu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tunaipenda sana methali hiyo kwa sababu inatusifu tunaotoa. Haisemi chochote kuhusu mtu anayetoa zawadi kwa hela ya deni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kumpa mtu kitu ambacho hakukiomba si kosa. Zawadi nyingi nzuri ziko hivyo, na mtoto hawezi kuomba kitabu asichojua kwamba kipo. Kosa ni kukiweka pale ambapo deni lilipaswa kukaa, halafu ukasubiri shukrani. Lipa kwanza. Ukishalipa, lete hadithi, na kama lugha yake si ya nyumba ile, kaa kwenye kigoda uisome mwenyewe.

Hela ya mbegu nilimpa kaka asubuhi ya Krismasi kabla ya kwenda kanisani. Ningependa kusema kwamba ningeitoa hata asingeuliza. Sina hakika. Aliipokea, akaihesabu, akasema, "Umefanya vizuri," kama mtu aliyerudishiwa panga lake.

Kitabu kiko kwenye sanduku la mama, pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwezi jana alinipigia simu kuuliza kama mwaka huu nakuja. Nikamwambia nakuja. Akasema vizuri, maana watoto wanataka kumsikia tena yule mtoto mgonjwa. Nikamuuliza, watoto au wewe?

Akacheka, akamwita kaka aje azungumze nami kuhusu mbegu.