Unasema Daraja Lipi?

Msimu wa korosho, ukitamka neno "daraja" mjini Masasi utaulizwa lipi. Karani wa chama cha msingi anawaza korosho, la kwanza au la pili. Mwalimu anawaza mshahara, na atakueleza tangu lini anasubiri kupandishwa. Dereva wa basi linalopanda Newala anawaza daraja C la leseni yake. Mzazi mwenye mtoto kidato cha nne huyo muache kwanza, matokeo hayajatoka.

Kwa Mwarabu, neno hili ni ngazi na cheo; cha kuvukia mto anakiita jina jingine kabisa. Sisi tumepandia na tumevukia humo humo. Ila mtoto wa Newala huweza kulijua daraja la korosho miaka mingi kabla hajaliona la mto. Uwanda wa Makonde ni mkavu kule juu, na wazee wake walishuka bondeni kufuata maji, wakapanda nayo kichwani.

Daraja la korosho huamuliwa kwa macho na mkono. Iliyookotwa mapema ikaanikwa vizuri hulia ikitikiswa. Iliyolala chini ya mkorosho ikanyeshewa huota madoa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, zinakwenda mnadani zikiwa zimetengwa, na bei nayo inatengana. Nimewahi kumsikia mama mmoja akiambiwa zake ni la pili. "Sawa mwanangu," akamjibu karani, "lakini hizo madoa kayatia mvua, siyo mimi." Foleni nzima ikacheka, karani akaandika la pili vile vile.

Ya mito nayo tunayo. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, jina lake liko kwenye daraja la Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Ruvuma, kule Mtambaswala, na wenye ndugu Msumbiji wakapata pa kupita. Hayo nayapenda kuliko yote, maana hayamuulizi mtu alipata daraja gani.

Korosho yenyewe ina bahati. Ikibanguliwa, lile daraja la ghalani linakwisha kazi: punje inapangwa upya, nzima kivyake, vipande kivyake, nyeupe kivyake. Binadamu hatubanguliwi. Nina jamaa Newala, mtu wa wajukuu sasa, shamba lake la mikorosho linaheshimika. Akitambulishwa kwa mgeni huanza na daraja la nne alilopata sekondari. Anasema kwa mzaha, lakini huanza nalo.