Wale Wasiofika Nao Waliomba

Kwetu gari haliondoki bila sala. Hata dereva ambaye hajatia mguu kanisani tangu Noeli atavua kofia na kuzima redio, kisha abiria mmoja, mara nyingi mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya, atalifunika gari kwa damu ya Yesu: breki, matairi, usukani, macho ya dereva. Atawafunga maadui wote waliojificha njiani. Tunaitikia amina, injini inawaka. Watu wazima tumeyazoea maneno hayo hadi hatuyasikii. Mtoto aliyebanwa katikati ya magunia husikia kila neno.

Ninafundisha dini katika shule ya sekondari mjini Bukavu. Kwa miaka mingi, likizo kubwa ikifika na matokeo yakishatangazwa mwanzoni mwa Julai, nilikuwa ninawachukua wanangu kwenda kwa bibi yao Njingala, upande wa Walikale, pale njia ya miguu ya kutoka mgodi wa Bisie inapotokea barabarani. Kiangazi ndicho kinachoruhusu. Gari linapita Miti, linakatiza msitu wa Kahuzi-Biega, linashuka Bunyakiri mpaka Hombo ambako Kivu Kusini inaachana na Kivu Kaskazini, halafu Itebero, halafu Walikale na kuendelea. Ukitazama ramani utadhani unaweza kulala kwa bibi siku hiyohiyo. Ukitazama matope, hutamwahidi mtu kitu.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wake minane. Tulikuwa tumeipita Bunyakiri tulipokuta matawi mabichi yametandazwa barabarani, alama inayojulikana na kila msafiri wa huku, na mbele yake lori limelala ubavu korongoni. Wanaume walikuwa wamechuchumaa kando, mmoja ameshika kiatu kimoja cha mtu. Chini ya mti palikuwa na mwili uliofunikwa kitenge. Dereva wetu alisimama, akawaachia dumu la maji, akapokea ujumbe wa kupeleka Hombo. Tulipoanza kuondoka, sauti nyuma ikasema: tumshukuru Mungu, sisi ametulinda. Wote wakaitikia.

Binti yangu akauliza, tena kwa sauti: "Mama, kwani wale hawakuomba?"

Majibu yalikuja mbio kabla sijafungua kinywa. Mzee mmoja alisema huenda kulikuwa na mwenye dhambi ndani ya lile lori. Kijana aliyekuwa karibu na dirisha akasema siku yao ilikuwa imefika. Mama aliyetuombea asubuhi alisema mipango ya Mungu haihojiwi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilitaka jibu ambalo mtoto angeweza kuwa nalo bado siku atakapokuwa yeye ndiye aliyelazwa chini ya mti, au mtu anayempenda.

Tumeifanya sala ya safari iwe kama jetoni ya kizuizi cha barabarani. Umelipa, unaonyesha, unapita. Asiyepita basi hakulipa, au alilipa kidogo. Lakini sisi wa Bukavu tuna mtu mmoja anayeivunja hesabu hiyo. Askofu mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, katikati ya mji wake, akiwa njiani. Alikuwa Mjesuiti, maisha yake yote yalikuwa sala, na alibaki na watu wake wakati wenye nafasi ya kuondoka walipoondoka. Kama sala inanunua kupita, ni nani aliyelipa kumzidi? Sijasikia mkristo yeyote wa mji huu akithubutu kusema kwamba Munzihirwa hakuomba vya kutosha. Basi tusiseme hivyo juu ya watu wa lori lililoanguka baada ya Bunyakiri.

Luka naye ana habari ya safari ya familia, katika sura ya pili. Yesu ana miaka kumi na miwili, wanarudi kutoka sikukuu ya Pasaka Yerusalemu, na wazazi wake wanatembea siku nzima wakidhani yuko na wenzao katika msafara. Wahubiri hupenda kuwalaumu. Mimi huwaza kwanza juu ya msafara ule: ulikuwa msafara wa namna gani, hata mama anaweza kutembea kutwa bila wasiwasi kwa kuwa anaamini mtoto yuko mikononi mwa mtu fulani? Halafu ninaona jambo jingine. Mwanzoni mwa sura hiyohiyo malaika wamejaa usiku wa kuzaliwa kwake. Mtoto anapopotea, hakuna malaika anayekuja kusema yuko wapi. Wazazi wanageuka, wanarudi kwa miguu, wanauliza watu, na baada ya siku tatu wanampata hekaluni.

Karibu na Itebero gari letu lilizama. Sote tulishuka. Mzee aliyesema habari za dhambi alikuwa wa kwanza kukata matawi ya kuweka chini ya matairi, akaingia kwenye tope na suruali yake safi. Yule mama wa sala alijifunga kitenge vizuri, akamweka mwanangu mgongoni bila kuniuliza, akavuka naye maji yakimfika magotini. Hapo ndipo nilipomjibu binti yangu. Nilimwambia: asubuhi tulipoitikia amina tuliwekwa kuwa watu wa nyumba moja, na Mungu analijibu ombi lile sasa, kwa mgongo ule. Waliokuwa korongoni waliomba kama sisi. Kufika kwetu hakutuambii neno lolote kuhusu Mungu anavyowaona wao. Kunatuambia tu kwamba tuna deni kwao.

Alifikiri kidogo akasema: "Basi dumu la maji lilikuwa dogo." Sikuwa na la kubisha.

Tulipofika Njingala niliwapeleka wanangu kuiona njia ya Bisie. Kasiterite, jiwe la bati, ilianza kuchimbwa mlimani kule mnamo 2002, na muda si muda maelfu ya watu wakahamia msituni. Hapakuwa na barabara ya gari. Kaka yangu, kijana wakati ule, alibeba gunia la kilo hamsini kichwani na mgongoni, kilomita kama arobaini za mizizi na mito, siku mbili, huku akilipa kila mwenye bunduki aliyekaa njiani. Anasema waliomba kila asubuhi kabla ya kunyanyua mizigo. Wenzake wengine walibaki ndani ya mashimo. Magunia yaliendelea mpaka Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara, yakapelekwa Goma, na bati lake likaenda kushikanisha vyuma ndani ya simu za dunia nzima. Yaani mawe yalifika. Kama kufika salama ndiyo dalili ya kupendwa na Mungu, kasiterite ya Bisie ilipendwa kuliko walioibeba. Nilitaka wanangu waione njia ile kwa macho yao ndipo wachague ni Mungu gani wanamwamini.

Leo mgodi mkubwa wa mashine uko mlimani, na barabara yake. Ulianza kutoa mali mwaka huohuo wa 2019. Machi 2025 waasi wa M23 walipoikaribia Walikale mgodi ulisimama kwa muda, na watu walitembea barabara yetu ya likizo wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, kila familia na sala yake. Bukavu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa Februari. Mwanangu mdogo sasa ana umri aliokuwa nao dada yake siku ile, na anauliza lini tutaenda tena kwa bibi.

Kaka yangu siku hizi ni mchungaji, na hapendi ninavyowafundisha. "Dada," ananiambia, "unawapunguzia watoto imani. Mtu aliyefika ukimkataza kusema asante Mungu, furaha yake aipeleke wapi?"

Simkatazi mtu kushukuru. Nilimkumbusha mama yetu. Kila mtu wa nyumbani aliporudi salama kutoka msituni, kabla hajala, mama alipakua ndizi na sombe kwenye sahani na kuipeleka kwa jirani ambaye mwanawe alibaki shimoni. Kaka mwenyewe alitumwa na sahani hiyo, na jasho la Bisie bado mwilini. Alisema huo ni ukarimu, sala ni jambo jingine. Nikamwambia anionyeshe mpaka kati ya hayo mawili uko wapi, na mpaka leo tunabishana kwa simu, kila mtandao unapopatikana.