Mwili wa Mhudumu, Haki ya Mgonjwa

Mwaka 2005, hospitali ya Virginia Mason mjini Seattle, Marekani, iliweka sharti ambalo hospitali nyingine nchini humo zilikuwa hazijathubutu kuliweka: kila mfanyakazi achanjwe dhidi ya homa ya mafua kila mwaka, la sivyo aache kazi. Kabla ya hapo waliochanjwa walikuwa kama asilimia 54. Baada ya sharti walizidi asilimia 97. Chama cha wauguzi kilipinga, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi wa msuluhishi kwamba mwajiri hakuwa na haki ya kuwabebesha wauguzi hao sharti hilo bila kujadiliana nao. Shauri likaamuliwa kwa vifungu vya mkataba. Swali lililo zito zaidi likabaki: mtu anayehudumia wagonjwa kwa mikono yake, mwili wake unabaki wake kwa kiasi gani?

Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba jamii ina haki ya kumlazimisha mtu kwa sababu moja tu, kuzuia madhara kwa wengine. Wengi huona hoja hiyo inatosha, kwani virusi vya mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla mwenye navyo hajahisi homa, na uangalifu pekee haumzuii. Lakini mafua huambukizwa pia kwenye basi na sokoni, na hatumlazimishi abiria kuchanjwa. Hospitali ina nini cha ziada?

Tumtazame mzee aliyelazwa, kinga ya mwili wake imeshuka kwa dawa za saratani. Usiku wa manane muuguzi anamwinamia, anamgeuza ubavu, anamrekebishia mpira wa oksijeni puani. Nyuso zao karibu zigusane. Mzee hakumchagua muuguzi huyo, hana nguvu za kusogea, na hata chanjo aliyopewa yeye mwenyewe huenda isimkinge vya kutosha. Abiria anaweza kushuka kituo kinachofuata. Mgonjwa huyu hana pa kwenda, na amelala pale kwa sababu tumemwambia ndipo mahali salama. Hapo ndipo wajibu wa muuguzi unapozaliwa: katika unyonge wa mgonjwa, wala si katika madaraka ya mwajiri.

Tukikubali hilo, lazima tukubali na upande wake wa pili. Kinachomlinda mgonjwa ni haki yake. Kisichomlinda hakuna mwenye haki ya kukidai, hata awe mkurugenzi. Na chanjo ya mafua haina nguvu sawa kila mwaka: msimu mzuri hupunguza hatari kwa kati ya asilimia 40 na 60, lakini msimu wa 2014 hadi 2015 nchini Marekani haikufika asilimia 20. Majaribio katika makao ya wazee Uingereza na Ufaransa yalionyesha vifo kupungua pale wahudumu walipochanjwa; wachambuzi wengine wakasema upungufu huo ni mkubwa kuliko uwezo wa chanjo yenyewe. Huko Ontario, Kanada, baadhi ya hospitali zilimtaka asiyechanjwa avae barakoa msimu mzima, huku mwenzake aliyechanjwa, ambaye bado angeweza kuambukizwa, akizunguka wodi ileile uso wazi. Wasuluhishi walizitengua sera hizo mwaka 2015 na 2018, na walifanya haki: barakoa ilikuwa imegeuzwa adhabu.

Msimamo wangu ni huu. Anayewahudumia wanyonge wa namna hii ana deni la kuchanjwa, na akikataa, ni haki kumhamishia kazi isiyomkutanisha nao. Kumfukuza au kumwaibisha ni jambo jingine, na ushahidi tulio nao haujafikia kulihalalisha. Tena deni hilo halimhusu muuguzi peke yake. Mwajiri anayemkata mshahara mfanyakazi aliyebaki nyumbani na homa, kisha akadai chanjo kwa jina la usalama wa mgonjwa, anamsukuma kwa mkono mmoja yuleyule mgonjwa anayedai kumkinga kwa mwingine. Amri ya chanjo itaheshimika pale anayeitoa atakapotaja wazi uwezo na udhaifu wa chanjo hiyo, akalipa siku za ugonjwa, na akachanjwa yeye kwanza.